Kiko changu cha pili: mpingo, tembo wa Arusha au braia mpya?

mwl_kondoa

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, maana huku niliko sina wa kumuuliza.

Nafundisha fizikia Kondoa. Nina miezi 8 tangu nianze kuvuta kiko. Navuta mara moja kwa siku, jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari, nje chini ya mwembe kwa sababu mke wangu hataki moshi ndani, na ana haki. Kiko changu cha kwanza kilikuwa cha gunzi la mahindi, vile vya Missouri, Marekani, aliniletea shemeji yangu. Kimenifundisha mengi, lakini Jumapili iliyopita kilitoboka chini. Kila nikimaliza kuvuta nilikuwa nakikwangua kwa kisu nikidhani ndio usafi. Siku hiyo cheche ikadondokea kwenye goti la suruali, nikakigeuza, nikaona tundu linaloingia ncha ya kalamu.

Sasa nimepata vitatu vya kuchagua.

Cha kwanza ninacho tayari: kiko cha mpingo nilichonunua mwezi wa sita kwenye vibanda vya vinyago Arusha, shilingi 35,000. Kina kichwa cha simba na kinang'aa vizuri sana. Nimekivuta mara mbili. Kinapata moto mpaka sikishiki, na moshi wake una ladha ya dawa ya viatu.

Cha pili, mzee jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, anauza kiko chake cha zamani cha mershamu, lile jiwe. Kwenye mdomo kina alama ya tembo na kimeandikwa KIKO. Anataka 60,000.

Cha tatu, dada yangu anaishi Hamburg na anarudi Desemba. Anaweza kuniletea kipya cha braia, ile mbao ya viko vya Ulaya. Bajeti yangu ni 200,000 na haina nyongeza.

Nichukue kipi? Kilichonyooka au kilichopinda? Kichujio kina maana yoyote? Na hili linanisumbua kuliko yote: ulimi unaniwaka kila ninapovuta. Ni kiko au ni mimi?

nakuru_taratibu

Pole kwa suruali. Mimi ningekushauri umwombe shemeji gunzi lingine tu, mwalimu. Nina mwaka wa tano na bado navuta magunzi mawili kwa zamu, moja likipumzika lingine linafanya kazi. Huko kwao la kawaida halifiki hata dola 20, na kampuni ile inayatengeneza tangu 1869, kwa hivyo wanajua wanachokifanya. Kisu weka mbali. Gunzi hupanguswa kwa karatasi, basi.

fundi_saa

Mwalimu, mwanangu, hujambo. Jibu langu ni refu, nivumilie.

Natengeneza saa hapa Tanga tangu 1988, na kwenye meza hiyohiyo natengeneza viko vya watu. Vilivyopita chini ya miwani yangu ni vingi kuliko nilivyowahi kuvivuta, kwa hiyo nitakueleza kinachoonekana ndani.

Kabla hujauliza mbao au jiwe, uliza tundu. Babu yangu alikuwa na kiko cha maji: chini kifuu cha nazi, juu yake digali, juu ya digali bori la udongo analotia tumbaku, na ubavuni mdakale wa kuvutia. Mimi maneno yake bado nayatumia hata kwa viko vya Ulaya. Bori ni pale tumbaku inapokaa, mdakale ni pale unapotia mdomo, na kati yao kuna shingo. Kwenye kiko cha babu malio, ile sauti ya maji ukivuta, yalikuwa raha, ukiyasikia barazani ujue wazee wamekaa. Kwenye kiko kikavu malio ni ugonjwa. Kikianza kukoroma, maji yamekusanyika ndani, na mara nyingi chanzo chake ni keekee ya aliyekitoboa.

Njia ya hewa inatakiwa itokeze chini kabisa ya bori, katikati, iguse sakafu. Ikitokeza juu, hata milimita 4 tu, tumbaku iliyo chini ya tundu haipati hewa. Inakaa pale ikipokea jasho la ile inayoungua juu yake, na mwisho wa kuvuta unakuta tope jeusi lenye harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndoo. Kiko cha namna hiyo huwezi kukifundisha adabu. Utabadilisha tumbaku, utabadilisha namna ya kujaza, utajilaumu mwenyewe, na kumbe kosa lilifanyika siku kilipotobolewa.

Kupima ni rahisi. Chukua waya wa pamba wa kusafishia, uingize kwenye mdomo wa kiko bila kukitenganisha. Upite taratibu mpaka ncha yake uione ndani ya bori. Ukigoma pale mdakale unapoingia shingoni, matundu mawili hayakutani sawasawa, na hapo ndipo maji yatakapokusanyika. Kisha mulika bori kwa tochi ya simu, uone ncha ya waya imetokea wapi. Muuzaji akikukatalia kupima, rudisha kiko mezani uage.

Sasa mpingo. Mti huu nauheshimu, ndio unaotengeneza klarineti za dunia nzima. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Lakini uzito huohuo na mafuta yake ndivyo vinavyokuunguza vidole: haunyonyi unyevu, ukuta unashika moto, na siku moja utasikia "ta!" na mstari umepita toka juu mpaka chini. Ladha ya dawa ya viatu uliyoisikia ni dawa ya viatu kweli. Vinyago vingi vya vibandani hung'arishwa kwa hiyo. Simlaumu mchongaji, yeye alichonga pambo la kabati na hakuambiwa kuwa kuna mtu atalitia moto. Kiweke kabatini, ni kizuri, lakini usikivute tena hata mara moja. Moshi wa rangi ile si wa kuingiza kinywani.

Tembo. Hapa moyo wangu unaenda mbio, na nitajizuia. Viko hivyo vilitengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation, na jiwe lake lilitoka bonde la Amboseli, kwa upande wetu ni Sinya huko Longido, mahali ambapo ukiinua macho unaiona Kilimanjaro. Jina walilokipa ni neno letu lenyewe, na vilisafiri mpaka Ulaya na Marekani, kwa hiyo kuna wazee huko walioishi maisha yao yote wakilitamka neno moja tu la Kiswahili, kiko. Waturuki wana jiwe lao Eskişehir, jeupe na jepesi. Letu ni zito kidogo na gumu kidogo, na mara nyingi mafundi walilipaka rangi ya kahawia au nyeusi, au walilivika ngozi.

Uzuri wa jiwe ni kwamba linakunywa unyevu na halihitaji kuzoezwa. Unalivuta siku ya kwanza kama siku ya mia. Lakini lina masharti. Braia inataka ukoko, ule ule kama wa chungu cha wali, mwembamba wa milimita moja hivi, unaolinda ukuta. Jiwe halitaki ukoko hata kidogo, kwa sababu ukoko ukipata moto hutanuka kuliko jiwe na kulipasua. Kila ukimaliza, likipoa, unapangusa kwa karatasi laini. Na maji usilipe.

Mwaka juzi nililetewa tembo mmoja aliyekaa miaka kwenye droo. Mwenyewe alikuwa amemlowesha usiku kucha ili alainishe ukoko, na asubuhi akaukwangua kwa kisu. Jiwe hili likiloa hulainika, mwalimu, na kisu hakijui ukoko unaishia wapi. Nilipolimulika kwa taa yangu ya saa, mwanga ulipenya ukutani, upande mmoja umebaki mwembamba kama ganda la yai. Bori lenyewe nilikuwa nimelishika kwa vidole viwili na nilihofia kupumua. Nilimrudishia nikamwambia asiliwashe tena, na mtu mzima yule alikaa kwenye benchi langu robo saa bila kusema neno. Kilikuwa cha baba yake.

Kwa hiyo nenda kwa mzee wako na tochi. Mulika ndani ya bori uangalie kama mwanga unapenya popote. Tafuta ufa mwembamba kama unywele, hasa shingoni. Umwombe sana asikioshe kabla hujakiona.

Braia ndiyo ninayotaka uwe nayo kwa kazi ya kila siku. Si mbao ya shina. Ni kifundo kinachoota kati ya shina na mizizi ya Erica arborea, kichaka cha kando ya Mediterania ambacho hata kwenye milima yetu mirefu kipo. Wanakichemsha masaa mengi kutoa utomvu, wanakikausha miezi, ndipo wachonge. Wafaransa wa Saint-Claude wanafanya kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Kinahimili moto na kinanyonya unyevu kidogo, na kikidondoka unakiokota, unaendelea na safari.

Mwambie dada yako vipimo, kwa sababu picha hudanganya. Bori liwe na upana wa milimita 19 au 20 na kina kama 35 hadi 40. Ukuta uwe mnene. Uzito usizidi gramu 45, taya lako ndilo litakalobeba. Asichukue kilichopakwa vanishi nzito kama meza ya sebuleni. Vidoa vidogo vilivyozibwa juu ya mbao visimtishe, hushusha bei na haviharibu moshi. Kinyooke, au kipinde kidogo sana. Kilichopinda hukaa vizuri menoni, lakini tundu lake ni gumu zaidi kutoboa na waya hupita kwa shida, na wewe bado unajifunza.

Mdomo ukiwa wa ebonaiti, yaani mpira mgumu, utakuwa laini kwenye meno, ila usiuache juani, hugeuka kijani na kuwa mchungu. Wa akriliki, yaani plastiki, haubadiliki rangi lakini ni mgumu. Mimi nachagua ebonaiti na kivuli cha mwembe wako kinatosha.

Sasa ulimi. Tumbaku yako ni ipi, na unavuta bori moja kwa dakika ngapi?

mwl_kondoa

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimesoma mara mbili.

Tumbaku ni ya pakiti, mchanganyiko wa Virginia wenye harufu ya vanila. Bori la gunzi nilikuwa nalimaliza kwa dakika 20, pengine 15.

fundi_saa

Marahaba. Basi ulimi wako hauna kosa na kiko hakina kosa.

Virginia ndiyo hiyo hiyo tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, inayolimwa Tabora na Urambo. Ina sukari nyingi, na ukiivuta haraka huungua kwa joto kali na kuuma. Ya vanila imetiwa viungo vinavyoshika maji, kwa hiyo pamoja na joto unapata mvuke, na mvuke ndio unaochoma. Itandaze juu ya karatasi nusu saa au saa nzima kabla ya kuvuta. Ibane kati ya vidole: ikishikamana kama kisamvu kilichosagwa, bado. Ikibanwa halafu ikajifungua yenyewe polepole, iko tayari.

Jaza mara tatu. Mara ya kwanza idondokee tu, ubonyeze kwa mkono wa mtoto, mara ya pili mkono wa mama, mara ya tatu mkono wa baba. Kisha vuta hewa kabla ya kuwasha, isikie inapita kama unakunywa kwa mrija. Bori hilo likae dakika 40. Kikizimika, kizimike, washa tena. Hakuna anayekukimbiza.

fadhili_ughaibuni

Naongezea la kichujio kwa sababu niko Ujerumani mwaka wa 9. Mwalimu, dada yako akiingia dukani Hamburg bila kusema kitu, karibu hakika atapewa kiko kilichotobolewa kwa kichujio cha milimita 9, huku ndio kawaida. Ndani kinawekwa kidude cha makaa au karatasi, kinakunywa unyevu na kupoza moshi, na kwa ulimi unaowaka kinasaidia. Tabu yake ni kwamba unakibadilisha kila mara, na Kondoa sijui utavinunua duka gani. Ukikiacha wazi bila kichujio, lile pango kubwa ndani ya shingo linageuka kisima cha maji.

Kwa hiyo aseme mapema: bila kichujio. Au kama kimempendeza cha milimita 9, aombe kile kijibomba cha kuziba nafasi, ni cha bei ndogo sana. Savinelli wa Italia wao wana vijiti vya mbao ya balsa vya milimita 6, hivyo ni vyepesi na pakiti moja inadumu, lakini hesabu ya kuagiza ni ileile.

tabibu_kinywa

Naomba nafasi ndogo. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno Dodoma, sijaja kugombana na mtu.

Mwalimu, umesema ulimi unawaka "kila ninapovuta" kwa miezi 8. Yanayosemwa hapa kuhusu joto yanaweza kuwa kweli, lakini kiko huleta saratani ya kinywa hata kwa asiyemeza moshi, kwa sababu moshi unakaa palepale. Chukua kioo kidogo uangalie ulimi pembeni na chini, mashavu kwa ndani, na kaakaa. Ukiona doa jeupe lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, usisubiri Desemba wala kiko kipya. Nenda hospitali ya wilaya useme wazi kuwa unavuta. Na ukiamua kuacha, sisi tutakusaidia bila kukusimanga.

mwl_kondoa

Tabibu, asante. Nimeangalia kwa kioo cha mke wangu na tochi, yeye akishika. Hakuna doa wala kidonda. Hata hivyo nitapita hospitali likizo ikifika, nimemwahidi.

Nimepima viko, maana hii nayo ni fizikia. Mpingo: tundu linatokeza milimita 6 juu ya sakafu ya bori. Nilitia kijiti cha kiberiti, nikaweka alama, nikapima kwa rula. Waya haupiti kabisa, unagonga ukuta shingoni. Kimeshapanda kabatini karibu na picha ya harusi.

Kwa mzee nilikwenda Jumamosi. Gramu 52 kwenye mizani ya maabara. Waya umepita vizuri, tundu liko sakafuni kabisa. Mwanga haupenyi popote. Ndani kuna ukoko kidogo upande mmoja. Ila shingoni, pale mdakale unapoingia, kuna ufa kama unywele, urefu wa kucha ya kidole kidogo. Mzee hakuwa anaujua. Alivaa miwani, akautazama muda, akasema basi nichukue kwa 30,000. Nimemwambia nasubiri neno kutoka Tanga.

fundi_saa

Umepima kama fundi, mwanangu.

Ufa wa shingoni unatibika, wa borini hautibiki. Mpe mzee pesa yake, na kama mfuko unaruhusu mwongezee kidogo, hajakuficha kitu. Usikivute na usichomoe mdakale, kila ukiuzungusha ufa unatembea. Ukoko usiuguse, nitaupunguza mwenyewe kwa msasa laini, mkavu. Nitakivisha pete ya shaba. Nina makasha ya saa za mfukoni yaliyokufa, pete yake inatoka humo, nimeshawahi kufanya. Kitakuwa kiko chako cha Jumapili. Braia ya dada iwe ya kusahihishia madaftari.

mwl_kondoa

Narudi na taarifa, leo ni Januari.

Dada amefika na braia iliyonyooka, haina kichujio, bori milimita 20 kwa 38, gramu 38, mdomo wa ebonaiti. Euro 55, kwa hiyo sikuvuka bajeti. Anasema alitoa waya wa pamba kwenye mkoba akapima viko vinne palepale dukani, viwili vikagoma, na muuzaji akavirudisha nyuma mwenyewe.

Nimekivuta siku 11, wiki ya kwanza nusu bori tu, tumbaku nikiitandaza juu ya karatasi za mitihani ya zamani kwa saa nzima. Jana niliangalia saa: dakika 43, nimewasha mara nne. Ulimi umekaa kimya. Chini sikukuta tope, nimemwaga majivu makavu ya kijivu na vipande vitatu vidogo vya tumbaku, na waya ulitoka na rangi ya chai ya rangi. Hospitali nimekwenda, kinywa ni salama, nimeambiwa nirudi baada ya miezi 6.

Mzee, tembo anapanda basi la Jumatatu alfajiri. Nimemfunga kwa pamba ndani ya boksi la chaki, boksi ndani ya boksi, na juu nimeandika KIOO kwa wino mwekundu pande zote sita. Dereva mstaafu amesema atampakia kwa mkono wake, anamjua kondakta.